MSITU WA KIJIJI NA BIASHARA YA HEWA UKAA

Mada iliyotolewa kwa wajumbe wa kamati za Haki na Amani na viongozi wa vijiji, Tunduma, Mkoa wa Songwe



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo miaka arobaini iliyopita lisingeweza kuingia katika ratiba ya semina kama hii, nalo ni kwamba kazi ya mti ya kuvuta hewa inaweza kupimwa, kuandikiwa hati, na kuuzwa kwa mtu asiyepata kuuona mti huo maishani mwake. Wengine mmelisikia redioni. Wengine mmelisikia kwa wageni wanaopita vijijini na makabrasha mikononi. Nia yangu si kuwatia hofu, wala si kuwashawishi. Nataka siku mkutano mkuu wa kijiji utakapoitwa kulijadili, wawemo watu wanaojua ni kitu gani kinachouzwa. Katika mkaa linauzwa gunia. Katika mbao unauzwa ubao. Katika biashara hii kinauzwa nini hasa?

Mti unavyokua, na kinachohesabiwa

Tuanze na mti wenyewe. Wengi wetu tulikua tukidhani kwamba mti hula udongo. Kwa kweli sehemu kubwa ya mwili wa mti imetoka hewani. Jani huvuta hewa ukaa kwa vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, likaichanganya na maji yaliyopanda kutoka mizizini, na kwa nguvu ya jua likatengeneza chakula cha mti. Kutokana na chakula hicho hujengeka shina, matawi na mizizi. Mti mkavu ukiupima, karibu nusu ya uzito wake ni kaboni, yaani ile ile tunayoiona nyeusi katika mkaa. Mti ukichomwa au ukioza, kaboni hiyo huungana tena na hewa na kurudi ilikotoka.

Hesabu yake si ngumu. Kila tani 1 ya kaboni iliyomo ndani ya mti inalingana na tani 3.67 za hewa ukaa, kwa sababu hewani kaboni hubeba pia uzito wa oksijeni. Basi tuchukue mtundu mmoja ambao kuni zake zote zikikaushwa zina kilo 1,000. Ndani yake mna kilo 500 za kaboni, sawa na kilo 1,835 hivi za hewa ukaa. Bidhaa inayouzwa katika soko hili ni tani 1 ya hewa ukaa ambayo imevutwa, au imezuiwa isitoke. Wafanyabiashara huiita krediti ya kaboni. Mimi hapa nitaiita hati, kwa kuwa ndivyo ilivyo: ni karatasi inayothibitisha kazi fulani. Kwa hesabu hiyo mti wetu mkubwa haufikishi hata hati 2. Mti huo huo ukiingizwa katika tanuri la kienyeji hutoa kilo 100 hadi 200 tu za mkaa, kwa maana sehemu kubwa hupotea kwa moshi na majivu. Bei ya hati moja katika soko la hiari imekuwa ikipanda na kushuka; nyingine huuzwa kwa dola chache tu za Marekani. Mchoma mkaa hahitaji shule ya uchumi kufanya ulinganisho huo. Ameshaufanya.

Kupima hufanyika kwa tepe. Shina hupimwa unene kwenye kimo cha kifua, mita 1.3 kutoka ardhini, katika vipande vya msitu vilivyochaguliwa. Kisha kwa kanuni za hesabu hukadiriwa uzito wa msitu mzima, na picha za satelaiti hutumika kuona kama msitu unapungua. Mwanakijiji aliyemaliza darasa la saba aweza kufundishwa kazi hii na kuifanya vizuri. Yafaa mlikumbuke hilo mtakapoambiwa kwamba upimaji ni siri ya wataalamu.

Lakini hapa ndipo penye ugumu wenyewe. Hati haitolewi kwa sababu msitu upo. Hutolewa kwa tofauti iliyopo kati ya mambo mawili: msitu ulivyo baada ya mradi kuanza, na msitu ambavyo ungekuwa kama mradi usingekuja. Jambo la kwanza lapimika kwa tepe. La pili halipimiki kwa chombo chochote, kwa kuwa halikutokea. Hukadiriwa. Wataalamu hutazama kasi ya ukataji katika eneo linalofanana, huandika kwamba bila mradi kijiji kingepoteza hekta kadhaa kila mwaka, kisha ile tofauti ndiyo inayouzwa.

Fikirini maana ya jambo hili mbele ya haki. Kadiri kijiji kinavyoandikwa kuwa kiharibifu, ndivyo hati zinavyoongezeka. Kijiji ambacho wazee wake waliulinda msitu wa chemchemi vizazi vitatu huenda kikaambiwa hakina cha kuuza, kwani hakikuwahi kuutishia msitu huo. Nimesoma maandiko ya miradi ya namna hii kutoka nchi mbalimbali, na mkulima anayetajwa humo mara nyingi sikumtambua. Yeye hukata tu. Hapandi, hachungi chanzo cha maji, hana mila wala sheria ndogo za kijiji. Maandiko hayo huwa kwa Kiingereza, na anayeelezwa humo hasomi alivyoelezwa.

Kuna tena jambo la uhamisho. Kijiji kimoja kikifunga msitu wake, mchoma mkaa hupakia shoka lake na kwenda kijiji cha pili. Hapo hewa haikupata nafuu yoyote, ila jirani amepata hasara. Sisi wa Tunduma hatuhitaji kuelezwa zaidi. Mji huu, kwa sensa ya mwaka 2022, una watu zaidi ya 200,000, mbali na madereva wa malori wanaosubiri kuvuka kwenda Zambia, na wote wanakula chakula kilichopikwa. Magunia yanaingia kwa baiskeli, kwa pikipiki na juu ya malori yanayorudi matupu. Mkaa haujui mpaka. Wanyamwanga wako pande zote mbili, na msitu wa miyombo pia uko pande zote mbili. Msitu ukifungwa upande wa Momba huku mji ukipika kama jana, mtu wa Nakonde ndiye atakayesikia mlio wa shoka.

Mwisho katika sehemu hii ni suala la muda. Moshi uliotoka katika kiwanda cha Ulaya utakaa angani kwa mamia ya miaka. Hati ya mti inasema kwamba mti utasimama badala yake. Je, utasimama mpaka lini? Ninyi mnaijua mioto ya Septemba na Oktoba. Mikaratusi hukua upesi na hujaza daftari la mpimaji kwa miaka michache, lakini wengi huikata kwa nguzo na kuni kabla haijafikisha miaka 10. Miyombo hukua polepole sana. Hata hivyo ina sifa moja kubwa: ikikatwa vizuri, kisiki chake huchipua, na mizizi yake haifi. Sifa hiyo nitairudia.

Yaliyokwisha kutokea

Biashara hii haikuanza jana, na Tanzania si ngeni kwayo. Mkataba wa Kyoto wa mwaka 1997 ulifungua mlango wa nchi zilizoendelea kununua upunguzaji wa hewa ukaa kutoka nchi maskini. Mwaka 1999 pale Mpwapwa, mkoani Dodoma, ulianza mpango ujulikanao kwa kifupi kama TIST, ambamo wakulima wadogo walijiunga katika vikundi, wakapanda miti mashambani mwao na kuihesabu wenyewe. Baadaye mpango huo ulienea zaidi Kenya na Uganda. Malipo ya awali yalikuwa senti 2 za dola ya Marekani kwa kila mti ulio hai, kila mwaka, pamoja na ahadi ya kugawana faida hati zikiuzwa. Mwenye miti 1,000 alipata dola 20 kwa mwaka. Sizidharau. Lakini mkulima wa kahawa wa Mbozi anayefikiria kupanda miti ya kivuli shambani, na apande kwa ajili ya kahawa yake, udongo wake na kuni za mkewe. Hizo dola 20 ziwe ni chumvi, zisiwe ndizo ugali.

Mwaka 2008 Serikali ya Norway iliahidi kuipa Tanzania kroni milioni 500 kwa miaka mitano ili nchi ijiandae kulipwa kwa kupunguza ukataji wa misitu. Kwa fedha hizo yalifanyika majaribio sehemu kadhaa. Kilosa na Lindi, Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania pamoja na mtandao wa MJUMITA walijaribu kitu cha pekee: fedha ziligawiwa kwa mtu mmoja mmoja, wanawake kwa wanaume, na watoto wakahesabiwa kupitia kwa wazazi wao, baada ya mkutano mkuu wa kijiji kuamua ni sehemu gani iende kwenye shughuli za maendeleo. Watu waliona fedha kwa macho yao. Hata hivyo fedha zile zilikuwa za mfadhili, wala hazikutoka sokoni. Bei za hati duniani zilianguka wakati ule ule, na mradi ukafikia ukingoni mwaka 2014 kabla soko halijachukua nafasi ya mfadhili.

Kilichobaki Kilosa ndicho nipendacho kuwasimulia kwa kirefu. Kuanzia mwaka 2012, kwa msaada wa Uswisi, baadhi ya vijiji vya wilaya hiyo vilianza kuvuna mkaa kwa utaratibu. Sehemu ndogo ya msitu wa kijiji ilitengwa kwa ajili ya mkaa na kugawanywa katika vipande vya mraba. Kipande kimoja hukatwa, cha jirani huachwa, mfano wa ubao wa kuchezea bao la drafti. Visiki huachwa katika urefu unaoviwezesha kuchipua, na kipande kilichokatwa hakiguswi tena mpaka miaka 24 ipite. Mchomaji hulipa ushuru kwa serikali ya kijiji kabla ya gunia kuondoka. Kwa ushuru huo vijiji vimejenga madarasa na zahanati, na kuwalipa walinzi wa msitu. Hapo mti unakua, mji unapika, na kijiji kinapata chake bila kusubiri bei ya Ulaya. Mtaniuliza: je, mpango huo unahifadhi kaboni nyingi kuliko msitu uliofungwa kabisa? La hasha, ndani ya kipande kilichokatwa haiwezekani. Lakini msitu wenye faida kwa mwenyewe haugeuzwi shamba la mahindi, na kilimo ndicho kinachoongoza katika kuangamiza misitu yetu. Takwimu za Serikali zinaonyesha kwamba kati ya mwaka 2002 na 2013 Tanzania Bara ilipoteza wastani wa hekta 469,420 za misitu kila mwaka.

Sasa niwapeleke karibu zaidi na kwetu. Ukitoka hapa Tunduma ukashika barabara ya Sumbawanga, ukaupita Mkoa wa Rukwa na kuingia Katavi, utafika Wilaya ya Tanganyika. Huko vijiji 8, miongoni mwao Mwese, Lugonesi, Katuma na Kapanga, vimeungana kutunza misitu ya milima ya Ntakata, zaidi ya hekta 200,000, kwa mkataba na kampuni ya Carbon Tanzania. Fedha huingia katika akaunti za vijiji, nazo zimefikia mabilioni ya shilingi. Zimejenga vituo vya afya, madarasa na ofisi za vijiji. Zimelipia kaya kadi za bima ya afya. Mabasi yetu yanapita njia hiyo kila siku. Ningetamani kila kijiji chenye msitu mkoani Songwe kitume watu wawili, mwanamume na mwanamke, wakaone na kuuliza, na wasiwaulize wenyeviti peke yao. Wamwulize na mfugaji, na yule aliyekuwa akilima ndani ya msitu kabla ya mradi.

Wakifika huko watagundua kwamba kazi kubwa ilitangulia mkataba. Mipaka ilisuluhishwa, mipango ya matumizi bora ya ardhi ikatengenezwa, misitu ikatangazwa kuwa hifadhi za vijiji, sheria ndogo zikapitishwa. Habari za Wahadzabe wa bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, zinafundisha jambo lilo hilo. Mwaka 2011 walipata hati ya haki miliki ya kimila kwa pamoja, kama jamii, juu ya sehemu ya ardhi yao iliyokuwa ikimegwa na wakulima na wafugaji wahamiaji. Baada ya hapo ndipo wakaingia katika biashara ya kaboni. Hati ya ardhi iliitangulia hati ya hewa.

Mahali ambapo hati ya ardhi haikutangulia, mambo yamekuwa mengine. Nchini Uganda, kati ya mwaka 2006 na 2010, wakazi wa wilaya za Mubende na Kiboga waliondolewa katika ardhi iliyokodishwa kwa kampuni ya Uingereza, New Forests Company, kwa ajili ya kupanda miti. Shirika la Oxfam lilieleza mwaka 2011 kwamba walioondolewa walizidi 20,000. Kampuni ilikana kuhusika na matumizi ya nguvu. Malalamiko yalipelekwa mbele ya ofisi ya usuluhishi ya Shirika la Fedha la Kimataifa, na mapatano yakafikiwa mwaka 2013 kwa Mubende na 2014 kwa Kiboga. Kaskazini mwa nchi hiyo hiyo, katika msitu wa Kachung uliopandwa na Green Resources ya Norway, kampuni ijulikanayo pia kwa mashamba yake ya miti Mufindi, Mamlaka ya Nishati ya Sweden iliyokuwa mnunuzi wa hati ilisimamisha malipo mwaka 2015 kwa sababu ya malalamiko ya vijiji jirani. Angalieni jinsi ilivyo: wanavijiji walilia kwa muda mrefu, lakini aliyesikilizwa upesi na kampuni ni mnunuzi alipofunga mkoba.

Huko sokoni kwenyewe nako kumetikisika. Januari 2023 gazeti la The Guardian la Uingereza na Die Zeit la Ujerumani yalitoa uchunguzi uliodai kwamba zaidi ya asilimia 90 ya hati za misitu ya mvua zilizothibitishwa na Verra, shirika kubwa kuliko yote katika kazi hiyo, hazikuwakilisha upungufu halisi wa hewa ukaa. Verra ilipinga hesabu hizo. Oktoba mwaka huo huo kampuni ya Uswisi iitwayo South Pole ilijitoa katika mradi mkubwa wa Kariba, Zimbabwe. Mwezi Februari mwaka huo pia, Blue Carbon, kampuni ya Dubai, iliweka saini ya makubaliano ya awali yaliyotajwa kuhusu hekta zipatazo milioni 8 za Tanzania, na kiasi kama hicho kikatajwa kwa jirani zetu wa Zambia. Nayataja haya ili muone kwamba msitu wa kijiji unapoingia sokoni, unaingia mahali ambapo wenye fedha wenyewe wanashitakiana kwa kudanganyana.

Hayati Papa Fransisko, katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015, aya ya 171, alionya kwamba kuuziana hati hizi kwaweza kuzaa ulanguzi wa namna mpya, na kuwapa wachafuzi wakubwa njia ya kuendelea kama walivyokuwa. Onyo hilo lina uzito. Lakini halituambii la kujibu pale Halmashauri ya Kijiji inapoletewa mkataba Jumanne na kutakiwa kuutia saini Ijumaa.

Nguvu iliyomo mikononi mwetu

Jibu la kwanza la kisheria ni kwamba Halmashauri ya Kijiji haina mamlaka ya kufanya hivyo peke yake. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, Halmashauri ni mdhamini tu. Inasimamia ardhi kwa niaba ya wanakijiji, na haiwezi kugawa ardhi ya kijiji bila idhini ya mkutano mkuu, yaani watu wazima wote wa kijiji. Saini ya mwenyekiti na mtendaji bila muhtasari wa mkutano mkuu ni saini tupu. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutangaza msitu wake kuwa hifadhi ya kijiji na kuusimamia. Msitu usiotangazwa hivyo ni rahisi kuitwa pori lisilo na mwenyewe, na pori lisilo na mwenyewe halikosi wa kulichukua. Tena tahadharini na neno "kuhaulisha". Ardhi ya kijiji ikihaulishwa kuwa ardhi ya jumla ili akabidhiwe mwekezaji, imetoka mikononi mwa kijiji, na mradi ukifa hairudi yenyewe.

Mwaka 2022 Ofisi ya Makamu wa Rais ilitoa kanuni za usimamizi wa biashara ya kaboni, zikarekebishwa mwaka 2023. Kila mradi unatakiwa kusajiliwa, na kipo Kituo cha Taifa cha Kuratibu Kaboni katika Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Kwa hiyo mgeni anapokuja na kabrasha, swali la kwanza ni jepesi: mradi wako umesajiliwa? Tuonyeshe barua. Asiye nayo akaribishwe chai, aage.

Aliye nayo naye aulizwe, wala asionewe haya. Mkataba ni wa miaka mingapi? Ipo ya miaka 20, 30, hata 40. Mwenyekiti atakayetia saini leo atakuwa amezikwa, na mtoto anayebatizwa Jumapili hii ndiye atakayekuwa amefungwa na saini ile. Je, kijiji chaweza kujitoa, na kikijitoa kinadaiwa nini? Mkataba wa Kiswahili upo, na kukitokea mabishano ni nakala ya lugha gani itakayotawala? Fedha za kijiji zinahesabiwa kutokana na bei ya mauzo yote, au kutokana na "kilichobaki baada ya gharama"? Maneno hayo manne ya mwisho yamekula mali nyingi za maskini katika pamba, katika kahawa na katika dhahabu. Hayatashindwa katika hewa. Nani ataonyesha risiti za mauzo, na kwa nani? Moto ukiunguza msitu, hasara ni ya nani?

Wala tusizungumze kama kwamba hatari iko kwa mgeni tu. Fedha zikiingia kijijini, mgogoro wa mpaka uliolala miaka ishirini huamka. Mtendaji hubadili pikipiki. Yapo makabila na koo zitakazosema msitu ni wao, na wahamiaji waliolima humo kwa idhini ya mwenyekiti aliyepita watageuka kuwa wavamizi usiku mmoja. Kamati zenu za Haki na Amani zina kazi hapo kabla ya shilingi ya kwanza kuingia, si baada yake.

Jana jioni mama mmoja kutoka upande wa Momba aliniuliza swali ambalo sikuliona katika kabrasha lolote. Alisema: "Baba, kama wanalipa ili miti isimame, sisi tutapikia nini?" Nimelala nalo. Mikataba mingi huandika juu ya miti inayokatwa na wanaume kwa fedha, mbao na mkaa. Kuni zinazookotwa na wanawake kwa kichwa huwekwa katika mstari mmoja, "matumizi ya kaya yatadhibitiwa". Kudhibitiwa maana yake ni mwendo mrefu zaidi, au faini, au kujificha. Serikali imetangaza mkakati wa mwaka 2024 unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Ni lengo jema. Ila mtungi wa gesi unauzwa kwa fedha taslimu, na kuni za yule mama si za fedha. Basi jibu langu kwake, nalirudia mbele yenu, ni kwamba kabla ya kutaja idadi ya hati, ramani ya msitu ichorwe huku wanawake wakionyesha kwa vidole vyao mahali wanapookota kuni, uyoga na dawa, na mahali pa chemchemi. Sehemu hizo zibaki wazi kwa maandishi. Pakiwa na eneo la kutosha, kipande cha mkaa cha mfano wa Kilosa kitengwe pia kwa ajili ya mji huu. Kama baada ya hayo mradi wa kaboni bado una faida, uingiwe. Kama hauna faida bila kumfungia yule mama njia, basi aliyekuwa akilipia gharama za mradi ni yeye, na hakuna aliyemwuliza.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Baada ya chakula tutagawanyika katika makundi manne: Mbozi, Ileje, Momba pamoja na Tunduma, na Wilaya ya Songwe. Kila kundi litapewa mkataba wa mfano wa kurasa 11, bila jina la kampuni. Usomwe kwa sauti, sentensi kwa sentensi, na katibu wa kundi aandike kila neno ambalo hakuna aliyelielewa. Saa kumi tutayaandika maneno hayo ubaoni. Katibu wa Momba awe yule mama wa jana, kama atakubali.